Moana: nilitaka mtoto atulie nioshe vyombo, mara mimi ndo nalia

Kwanza niseme mapema, muvi yenyewe sio mpya. Ilitoka Novemba 2016, kwa hio wale wa za jana na juzi mnaweza kupita tu. Lakini mwanangu ana miaka 6, ilipotoka yeye hajazaliwa, na mimi zama hizo sikuwa na habari na katuni, kwa hio kwetu sisi ni mpya kama imetoka leo asubuhi. Tena hapa Lamu sinema hakuna, ukitaka viti vya kuegemea na giza na bisi ya kwenye karatasi ni safari ya basi mpaka Mombasa. Muvi hapa zinafika siku zikipenda kufika.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Anayejua Agosti ya hapa anajua, upepo wa kusi umekaza, bahari imechafuka, hata ukimpeleka mtoto Shela akacheze mchangani unarudi naye mato yamejaa mchanga na mafua juu yake. Watoto wote wako ndani. Wangu kashaandika ukuta wa msana kwa kalamu ya wino, kashamfunga paka kitambaa kama bibi harusi, na hapo ni saa 4 asubuhi. Nikasema yakhe, leo jioni huyu nimtafutie kitu cha kumkalisha, nioshe vyombo na nikande unga wa mahamri ya asubuhi kwa raha zangu.

Upande wa Langoni kuna duka la kijana anajaza muvi kwenye flashi, shilingi 30 moja, simtaji manake ni mtoto wa watu na tunapishana kila siku vichochoroni. Nikamwambia nipe katuni ya mtoto wa kike, isiwe na mabusu, isiwe na damu. Akanipa Moana. Nafika nyumbani naichomeka nijaribu, kumbe ni ile yenye jamaa anayepiga domo juu ya muvi nzima, unajua wale, wahusika wanaongea na yeye anaongea kuwashinda, bahari inafunguka pale mwanzo kitu cha kupendeza mashallah yeye anaita mtu shemeji. Nikavaa buibui nikarudi. Akacheka, akanibadilishia bila maneno, hapo nampa haki yake, ila ukienda kununua sema kabisa nataka ile safi isiyo na mtu ndani.

Basi baada ya magharibi tukakaa. Runinga yetu ya inchi 32 iko pale msana, na habari ya katuni kwenye kichochoro chetu haifichiki, kabla haijaanza nilikuwa na ndara za watoto 6 pale dakani, kibaraza cha mlangoni, na mimi nimezaa mmoja tu. Nikatoa bisi, nikatoa ubuyu, juisi ya ukwaju nikaiongeza maji ikatosha. Vyombo nikaviacha vilowe, nikasema nitazame dakika 5 tu nihakikishe hakuna mambo ya ajabu.

Dakika 5 zile ndo zilizoniponza. Muvi inaanza na bibi anawahadithia watoto hekaya ya kutisha, wote wanalia, wanazirai, isipokuwa katoto kamoja ka mashavu kanapiga makofi. Alafu hako katoto kanashuka pwani peke yake kanataka kuokota kombe, mara kanaona kitoto cha kasa kimekwama kivulini, ndege wanakingoja nje. Kombe lenyewe linachukuliwa na maji hivi hivi kanaliona, lakini kanachukua jani kubwa, kanamkinga kasa hatua kwa hatua mpaka anaingia majini. Sasa nyie mnajua watoto wetu na kasa. Wangu alishawahi kupelekwa Shela kuona mayai yakianguliwa, anajua vizuri wale kunguru wanafanya nini. Akanigeukia akasema, mama na yeye anafanya kama sisi. Nikavuta mkeka nikakaa.

Na hio bahari! Wameifanya bahari kuwa mtu. Haisemi neno moja, inainuka tu kama kichwa, inamchungulia mtoto, inamchezea nywele, na akiwa mkubwa akitaka kukimbia inamrudisha chomboni kama mama anavyomshika mtoto sikio. Rangi zile, ule uzumaridi wa maji mafupi juu ya mchanga mweupe na ule weusi wa bluu ukishapita mwamba, aliyechora ametazama bahari kweli, hakuangalia picha za kalenda.

Hadithi nitawagusia tu. Moana ni binti wa mkuu wa kisiwa kinaitwa Motunui. Watu wake wanaishi vizuri na minazi yao na samaki wa ndani ya mwamba, kuna wimbo mzima wa mnazi, maji ya dafu na nyuzi za makumbi mpaka majani, na watoto waliokuwa pale wakawa wanashindana kutaja, makuti! kifuu! tui! kana kwamba wanaulizwa wao. Amri ni moja, hakuna kuvuka mwamba. Alafu nazi zinaanza kuoza ndani, nyeusi tii, na madema yanatoka majini matupu. Bibi yake ndo anamwonyesha siri, kuna pango nyuma ya maporomoko ya maji, mna vyombo vikubwa vimefichwa vya enzi za mababu, yani kumbe hawa watu waliokatazwa bahari walikuwa mabaharia. Hapo mtoto anachukua chombo anakwenda kumtafuta Maui, lijitu lenye ndoana ya miujiza, aliyeiba kitu kisicho chake na kuleta balaa lote hilo, ili akirudishe. Mwisho siwaambii.

Ila niseme hili wazazi wenzangu, hakuna mchumba. Muvi nzima hakuna mwanamume anayekuja kumposa, hakuna harusi, hakuna kubusiana, sikushika rimoti kwa wasiwasi hata mara moja. Mtoto wa kike ana kazi yake, anakwenda kuifanya.

Sasa niwahadithie baba yangu. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, kapeleka boriti Mombasa na kurudi na mchele na simenti zaidi ya miaka 30, saa hizi goti linamsumbua anashinda dakani na kahawa yake chungu. Katuni hataki kusikia, kwake yeye katuni ni paka na panya na mtu mzima hana kazi nayo. Alikuwa anapita tu kwenda chooni. Akasimama nyuma ya watoto. Akasema, "Tanga la mkeka hilo." Hakuna aliyemjibu. Akasimama tena kidogo. "Na chombo kimefungwa kwa kamba, hakina msumari." Watoto wakamwambia babu shhhh. Akaketi.

Hakuinuka tena mpaka mwisho, na chooni hakwenda.

Manake kwa mtu wa Lamu hilo sio jambo dogo. Tanga la mkeka na mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ni mtepe huo, chombo cha mababu wa visiwa hivi, Wabajuni ndo waliosifika kwa kuviunda. Hakuna msumari hata mmoja, mbao zinatobolewa zinashonwa kama nguo, na tanga lake la mraba limefumwa kwa majani. Mimi nauona ule mfano wake pale makumbusho tangu niko darasa la 3, umekaa na vumbi lake, tulikuwa tunaupita mbio kwenda kuangalia siwa, ile baragumu kubwa ya kale. Baba mwenyewe hakuwahi kuuona ukitembea, alihadithiwa na babu yake. Sasa eti mzee wa watu anaukuta unateleza majini, kwenye katuni ya Wamarekani, watu wa bahari ya upande mwingine kabisa wa dunia. Alikuwa anaangalia zile kamba tu. Moana anaimba, Moana analia, yeye anaangalia kamba zilivyokazwa.

Na sio kwamba hao watu wa Pasifiki na sisi hatuna uhusiano wowote. Ile mbawa ya ubavuni inayozuia chombo kisipinduke, ambayo chombo cha Moana kinayo upande mmoja, si ndo ngalawa za Pemba na Msambweni zinayo pande zote mbili? Wataalamu wengi wanasema ujuzi ule uliletwa na mabaharia kutoka visiwa vya kule Indonesia, ndugu wa ukoo mmoja na hawa wa Pasifiki, walioivuka bahari ya Hindi zamani sana wakafika hadi Bukini, yani Madagaska, ndo maana mpaka leo lugha ya Bukini inafanana na ya Borneo kuliko na za Bara hapa. Wenzao wakaenda upande wa pili, Samoa, Tonga, wakakaa huko mamia na mamia ya miaka bila kusonga, alafu ghafla wakaanza tena safari za mbali mpaka Tahiti, Hawaii na New Zealand. Ile kukaa kimya kisha kuanza tena ndo iliyowapa watunzi wa muvi hii wazo lao, kwamba labda kuna mtu aliwakataza, na kuna mtu mwingine aliyekataa kukatazwa.

Baba lakini hakuacha kukosoa, msidhani. Moana alipotoka mara ya kwanza chombo kikapigwa na wimbi, mguu ukanasa kwenye matumbawe, watoto wote kimya, yeye akasema, "Amevuka mwambani na wimbi lile, ni nani aliyemfunza?" Alipomwona Maui anashika kamba ya tanga akatikisa kichwa kuridhika, huyu ajua demani. Mtoto akipiga bisho vibaya anamrekebisha kwenye runinga, legeza! legeza! Kiingereza hajui, kwa hio mwanangu akawa mkalimani wake, na tafsiri zake Mungu ndo anazijua. Alafu mwanangu mwenyewe akauliza swali ambalo mimi lisingenijia, "Babu, mbona chombo chake hakina mato?" Maana vyombo vyetu si vina yale mato, yani macho ya mviringo, pale mbele omoni. Baba akalifikiria kweli kweli. Akasema, "Ndo maana amepotea ndia."

Sasa hapo katikati, Moana yuko peke yake bahari kuu usiku, nyota zimejaa, bibi yake alimwambia afuate nyota zilizokaa kama ndoana, paap! stima ikapotea. Kichochoro kizima giza. Watoto wakapiga ukelele kama wamefiwa. Na adhana ya Isha nayo ikawa inaanza kwa hio tukasema basi, wenye kuswali waswali. Tulipomaliza stima bado, joto ndani, tukapanda darini wote na baba na goti lake, nikamshika mkono ngazi kwa ngazi.

Haki ya Mungu ile ndo ikawa sehemu bora ya muvi. Mji wote hauna taa, nyota zimeshuka mpaka unadhani utazigusa na kuti. Mwezi wa Agosti saa 2 usiku hapa kwetu Akrabu iko karibu na utosi, upande wa kusini kidogo, na mkia wake umejikunja. Baba akanyoosha kidole kuwaonyesha watoto nge. Mwanangu akaruka, "Sio nge, ni ndoana ya Maui!" Na kweli kule Hawaii nyota hizo hizo ndo ndoana ya Maui kwa hadithi zao, watunzi hawakujitungia. Baba akacheka akasema basi kwao ndoana kwetu nge, yote yanachoma. Akawafundisha kupima kwa vidole, unanyoosha mkono, unaweka kidole juu ya upeo wa bahari, unahesabu vidole mpaka kwenye nyota, kama Moana alivyofanya na Maui akamsahihisha mkono. Wakawa watoto 7 wamenyoosha mikono juu ya dari kama wanamzuia mtu. Akawaambia habari za Kilimia pia, kwamba saa hizo hakijatoka, kinatoka usiku mkubwa, na ule msemo wetu wa kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi baadaye nikaja kusoma kwamba New Zealand hicho hicho Kilimia wanakiita Matariki, kikichomoza alfajiri ndo mwaka wao mpya, na tangu 2022 ni sikukuu ya kitaifa. Nilipomwambia baba akasema hao watu wana akili.

Akamalizia na yake ya kila siku, kwamba Mreno alipofika Malindi 1498 ilibidi aombe mtu wa kumvusha mpaka India maana ndia haijui. Hio tumeisikia mara 1,000. Lakini usiku ule ilikaa mahali pake.

Stima ikarudi saa 3 na kitu, tukashuka tukaendelea, watoto wawili wameshalala.

Kuhusu kulia. Yule bibi wa Moana anajiita mwenyewe kichaa wa kijiji, anacheza na mawimbi peke yake pwani, amechanjwa picha ya taa mgongoni. Taa samaki. Na anasema akifa atarudi kama taa. Basi usiku mtoto anaondoka ndo usiku bibi anakata roho, chombo kiko gizani kwenye mwamba, mara kutoka kijijini inakuja taa kubwa chini ya maji, inang'aa, inampitia chini ya chombo na kumwonyesha mlango wa kutokea. Taa inayowaka taa. Kwa Kiingereza "ray" ni samaki huyo na ni mwale wa mwanga pia, lakini neno letu linasema samaki na taa yenyewe kwa pumzi moja, na sidhani waliotengeneza muvi wanajua walichotuandikia. Bibi yangu mimi, mama yake baba, alikuwa mfumaji mikeka wa Kipungani, akikaa kufuma anaongea na bahari, wallahi, anaiuliza mbona leo uko hivo. Sisi watoto tukimcheka. Nikamgeukia baba. Anajifanya mchanga umemwingia. Ndani ya nyumba.

Kuna jambo la dini nalo, maana najua nitaulizwa, jirani mmoja kashaniuliza tayari. Maui wanamwita nusu mungu, na kuna mama wa visiwa aliyeumba uhai. Nilichofanya, nilisimamisha muvi dakika 2 nikawaambia watoto hizi ni ngano za watu wa kule za zamani, kama sisi tuna za majini na sungura na Abunuwasi, Muumba ni mmoja nanyi mnamjua. Wakasema ndio tunajua, endelea. Kila mzazi na nyumba yake lakini, kama wewe hutaki kabisa mambo hayo basi ujue yamo tena sio kidogo, usije ukasema sikukwambia. Nguo ni za majani na magome, Maui kifua wazi muda wote amejaa chale mwili mzima, na moja ya hizo chale ni kijitu kidogo kinachotembea kwenye ngozi yake na kumgombeza, watoto walikipenda kuliko yeye mwenyewe. Hicho kimechorwa kwa mkono kizamani, mengine mengi ni ya kompyuta.

Nasikia waliunda jopo la watu wa visiwa vya kule la kuwashauri, na Maui mwanzo alikuwa na upara, washauri wakakataa wakasema Maui ana nywele, akapewa nywele. Nzuri. Hata hivo kuna wenyewe waliolalamika kwamba wamemchora bonge mno, na Disney waliuza vazi la watoto la ngozi ya Maui yenye chale zake, watu wakaja juu, likaondolewa madukani. Mimi nilielewa. Sisi mji wetu tangu uingie urithi wa dunia 2001 tunapigwa picha na punda na mlango wa nakshi kila siku, na bado hatujaulizwa kama tuna nywele.

Ubaya wake sasa. Kaa. Kuna likaa limoja kubwa chini ya bahari limejibandika dhahabu mgongoni, linaimba, linang'aa gizani kwa rangi za ajabu, na mwanangu alinipandia mgongoni akaganda hapo. Wakubwa wa miaka 9 na 10 walicheka. Mimi nimeona limerefushwa bure, ungekata lile hadithi isingeumwa mahali. Yule shetani wa moto na ujiuji wa volkeno naye anatisha, ila anatisha kwa sababu na mwisho wake unakuja kumwelewa, yule kaa hana maana hio. Chini ya miaka 5 ningengoja. Kuna maharamia wa nazi pia, vijitu vidogo ndani ya vifuu vya nazi vimejipaka rangi za vita, hao hawatishi, wanachekesha mpaka basi, ila asubuhi yake nilitoa mbuzi nikune nazi ya mbaazi na mtoto akaniambia ngoja kwanza niibishie hodi. Na jimbi! Kuna jimbi mmoja mjinga hajapata kutokea, anameza mawe, anatembea moja kwa moja mpaka baharini, watoto wanacheka kabla hajafanya kitu.

Nyimbo tamu, sina la kusema. Nyingi za Kiingereza, kazi ya Lin-Manuel Miranda, na kuna zenye maneno ya Kisamoa na Kitokelau za Opetaia Foaʻi, hizo ndo zilizomganda mwanangu, anaziimba kwa lugha aliyoitunga yeye. Sauti ya Moana ni msichana wa Hawaii, Auliʻi Cravalho, alichaguliwa na miaka 14 tu, ana sauti ya mtu anayejua anachotaka. Maui ni Dwayne Johnson yule wa mieleka, ambaye mama yake ni wa Samoa, wavulana walipomjua sauti ilikuwa fujo.

Lakini Kiingereza kile kiliniudhi, sio kosa la mtu, kiliniudhi tu. Mimi natafsiri huku, mwanangu anatafsiria babu yake kule, utani wa Maui unafika kwa baba umeshapoa kama chai ya jana. Na hii hii Moana wameitoa kwa Kitahiti, kwa Kimaori 2017, kwa Kihawaii 2018, lugha ambazo wasemaji wake wote ukiwaweka pamoja hawafiki hata robo ya wasemaji wetu. Ya Kiswahili mimi sikuipata. Ikija, naomba kisiwe Kiswahili cha taarifa ya habari, yule bibi aongee Kiamu au Kibajuni, amwambie mjukuu wake "ndoo", yani njoo, tuone nani hatalia. Ndugu yangu aliyeko Malindi ananiambia Waitaliano wa huko ukiwatajia Moana hawaijui, kwao inaitwa Oceania na mtoto mwenyewe ni Vaiana. Wametafsiri mpaka jina sisi hata salamu hatujatafsiriwa.

Kitu kimoja hakikunichekesha. Pale madema yanapotoka matupu, Moana anawaambia wavuvi jaribuni upande wa pili wa kisiwa, wanamjibu tumeshajaribu, jaribuni kule, tumeshajaribu. Baba akasema kwa sauti ndogo, huku kwetu halikuhitajika jini la moto. Alikuwa anazungumzia kule bandari mpya ya Lamu walikochimba bahari. Mtakumbuka 2018 mahakama kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na anayetaka kujua yaliyofuata awaulize wavuvi wenyewe. Watoto hawakuelewa, wakaendelea na ubuyu wao.

Ya pili, ile ya Novemba 2024, tuliitazama wiki iliyofuata kwa pupa. Sio mbaya. Moana kapata mdogo wake wa kike na wafuasi wa kwenda nao chomboni, lakini nyimbo hazikushika na watu wengi mno kwenye chombo kimoja. Baba aliinuka kabla ya nusu. Alisema wamezidisha abiria.

Kwa hio mimi ya kwanza naipa nyota zote isipokuwa moja, ya kaa. Ni saa 1 na dakika 47, kwa nyumba yetu ilikuwa zaidi ya saa 3 ukihesabu stima na Isha. Ukiwa na intaneti nzuri na njia ya kulipia utazame hivo, rangi zitatoka vizuri zaidi, kopi yangu ya shilingi 30 usiku wa baharini ulikuwa mweusi kama sufuria. Spika za runinga haziwezi ngoma zile, tafuta spika ya pembeni. Na kama nyumbani una mzee aliyewahi kushika usukani, mtolee kiti karibu na skrini, usimwache dakani.

Vyombo niliosha saa 5 usiku. Jumamosi yake ikabidi twende Matondoni kuona mafundi wakiunda mashua, maana nilisumbuliwa siku 3 mfululizo, baba akaja pia na goti lake, akaketi juu ya gogo akaanza kuwaambia mafundi kazi yao. Mwanangu akazunguka chombo kile ambacho hakijaisha, akampigapiga fundi begani, akamuuliza mato atayaweka lini, akajibiwa inshallah mwisho kabisa, akasema asisahau maana kuna mtu alisahau akapotea.

Alafu Ijumaa iliyopita mvuvi akapita mlangoni na taa, mzuri, mbichi, nami nilikuwa nishakuna nazi ya kumpaka. Baba taa ndo samaki wake tangu nimjue. Mtoto akaja jikoni akamtazama yule taa kwenye sinia muda mrefu, akauliza, "Mama, huyu ni bibi ya nani?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama pembeni.

"Mpe jirani," akasema. "Tununue tewa."